Kakungulu hakuwa mtu wa kutangatanga

Katika sehemu zetu za Kisii na Nyamira, mtu hutambulikana kwa kanisa lake karibu sawa na anavyotambulikana kwa ukoo wake. Jumamosi utawaona Waadventista wakipanda na kushuka vilima, wazee wamebana Biblia kwapani, watoto wamevalishwa nguo zisizovaliwa siku nyingine. Kesho yake zamu huwa ya Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste wa kila jina. Misheni za kwanza zilifika hapa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, moja ikashika kilima hiki na nyingine kile, na hata leo kuna vijiji ambako kumwuliza mtu anasali wapi ni kama kumwuliza amezaliwa katika boma la nani. Ndiyo maana anayehama kanisa hapati amani. Huitwa kigeugeu, mtu asiye na shina. Wengine husema amefuata mke, au chakula, au ada ya shule.

Mimi ni mwalimu wa somo la dini. Hapakosi mwanafunzi anayebaki nyuma baada ya kipindi, wenzake wakisha kutoka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeliacha kanisa la wazazi wake amepoteza imani. Sipendi kumjibu kwa aya, kwa kuwa aya anazo tayari, na pengine ndizo zilizomtia katika shida hiyo. Humsimulia maisha ya Semei Kakungulu, aliyefariki mwaka 1928 huko Mbale, mashariki ya Uganda.

Mbale si ugenini sana kwetu. Wazee wa Abagusii husimulia kwamba mababu zetu walipotoka mahali walipopaita Misri, walikaa kwanza kwenye miteremko ya Mlima Elgon kabla ya kushuka kuelekea ziwani. Mbale umekaa chini ya mlima huo huo, na wenyeji wake, Wagisu, hutahiri vijana wao kama tufanyavyo sisi. Namwomba msomaji aliweke hilo la tohara akilini, maana tutalirudia.

Kakungulu alizaliwa Koki, kusini magharibi ya Buganda, mwishoni mwa miaka ya 1860. Alikua katika mila za kwao, akaingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga, akajulikana kwa uwindaji wa ndovu na ujuzi wa bunduki. Huko ndiko alikokutana na wamisionari Waingereza, akajifunza kusoma, akabatizwa Mprotestanti. Katika Buganda ya wakati ule Wakristo waliitwa wasomaji, na jina hilo halikuwa mzaha. Kuamini na kusoma vilikuwa kitu kimoja. Biblia nzima kwa Kiganda ilikamilika mwaka 1896. Sisi Abagusii tulingoja hadi mwaka 1988 kuipata Biblia nzima kwa Ekegusii. Yaani Waganda walikuwa na miaka zaidi ya tisini ya kubishana na Maandiko katika lugha ya mama zao, wakati babu zetu walikuwa wakiyapokea kwa kinywa cha mkalimani.

Dini aliyoipokea Kakungulu ilimjia pamoja na risasi. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, Waislamu wakashika nchi, na Wakristo wakakimbilia uhamishoni. Kakungulu akawa miongoni mwa majemadari waliopigana kuirudisha. Waislamu waliposhindwa, Wakristo hawakukaa kwa amani: Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wenyewe kwa wenyewe pale Mengo, na Kapteni Lugard akiwasaidia Waprotestanti kwa silaha za kampuni yake. Wanafunzi wangu hushtuka wanaposikia kwamba madhehebu mawili yaliyosoma Injili moja yaliuana kwa ajili ya vyeo. Mimi husita kidogo hapo, nikawaacha washtuke.

Alipewa cheo kikubwa cha Kimbugwe, lakini hakuweza kuketi kitako na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Wanaume hao wawili walikuwa kama fahali wawili katika zizi moja. Kakungulu akaondoka, akaelekeza macho yake mashariki. Aprili 1899 majeshi aliyoyaongoza pamoja na Waingereza yaliwakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro katika nchi ya Lango, wafalme hao wakapelekwa Ushelisheli. Tazama jambo hilo: mtu aliyelelewa katika utumishi wa Mwanga ndiye aliyemkamata. Kisha akaingia Bukedi na askari wake, akajenga ngome na barabara, akapanda migomba, akaweka machifu wa Kiganda juu ya watu ambao hawakumwita. Aliamini kwamba Sir Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza, alimwahidi kuwa Kabaka wa nchi ile. Mwaka 1902 Waingereza walimwondoa katika ngome yake ya Budaka, wakamwachia ardhi ya maili ishirini za mraba pale Mbale. Baadaye wakamhamishia Busoga kuongoza baraza la machifu, kazi aliyoifanya mwaka 1906 hadi 1913.

Hapa ndipo wenye shaka wanaposhika. Husema kwamba safari yote ya kidini ya Kakungulu ilikuwa hasira ya mtu aliyenyimwa ufalme: Waingereza walimnyima kiti, naye akawanyima Mungu wao. Hoja hiyo ina nguvu, na mwalimu anayeificha hawatendei haki wanafunzi wake. Ni kweli kwamba aliporudi Mbale mwaka 1913 alikuwa na uchungu, na ni mwaka huo huo alipojiunga na Wamalaki.

Wamalaki walianzishwa Buganda na Joswa Kate, chifu mwenye cheo cha Mugema, pamoja na mwalimu aliyeitwa Malaki Musajjakawa. Walisoma Maandiko na kuyachukua kama yalivyo. Biblia inasema Sabato ni siku ya saba, basi waliiadhimisha Jumamosi. Misheni zilimfundisha mtu muda mrefu kabla ya kumbatiza, wao wakabatiza kila aliyeomba. Na kwa kuwa waliona Mungu peke yake ndiye mponyaji, walikataa dawa zote. Watu kwa makumi ya maelfu waliwafuata. Serikali haikufurahi, hasa katika habari ya chanjo za watu na za mifugo, na Kakungulu naye akaingia katika mvutano huo.

Habari ya Jumamosi huwafanya wanafunzi wangu Waadventista watabasamu, nao Wakatoliki hununa. Ile ya dawa huwanyamazisha wote. Nami sitamtetea Kakungulu wala Wamalaki katika hilo. Kukataa chanjo wakati wa tauni na ndui si imani inayostahili kuigwa, na walioumia zaidi ni watoto ambao hawakuulizwa.

Lakini kama hasira ndiyo iliyomwongoza, angekaa hapo. Umalaki ulimpa kila alichohitaji mtu mwenye kinyongo: ulikuwa wa Waafrika, ulikuwa na wafuasi wengi, na uliwachukiza Waingereza. Kakungulu hakukaa. Aliendelea kusoma, na kadiri alivyosoma alivyozidi kuvutwa na vitabu vitano vya Musa. Akauliza swali ambalo Wamalaki hawakulitarajia: kama tunashika Sabato kwa sababu imeandikwa, kwa nini hatutahiri, ilhali tohara nayo imeandikwa? Wenzake wakamwambia kwamba tohara ni ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi tangu siku ile yeye ni Myahudi.

Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Msomaji wa Kisii anaweza kuuliza ajabu iko wapi, maana kwetu mvulana hupitia hayo kabla ya kubaleghe na jambo likaisha. Kwa Muganda wa kizazi kile mambo yalikuwa mbali na hivyo. Waganda hawakutahiri. Katika miaka ya 1870 Kabaka Mutesa aliwaua vijana Waislamu wa jumba lake, na tohara yao ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomkasirisha. Tena, kwa jemadari Mprotestanti tohara ilikuwa alama ya majeshi aliyopigana nayo ujanani. Kakungulu alikuwa na umri wa karibu miaka hamsini, mtu mwenye vyeo na makovu ya vita, akajiwekea mwilini alama ya adui zake wa zamani kwa sababu ameisoma katika kitabu. Wamalaki walimkataa, nao Waingereza hawakuwa na cha kumpa kwa ajili hiyo. Hasira peke yake haimfikishi mtu hapo.

Akajitenga na wafuasi wake pale Gangama, karibu na Mbale, wakajiita Abayudaya, yaani Wayahudi. Hata hivyo hawakuwa wamewahi kumwona Myahudi akisali. Waliendelea kubatiza, na Agano Jipya walikuwa hawajaliacha kabisa. Mwaka 1920 akafika Myahudi mmoja wa kigeni aliyejulikana kwao kwa jina la Yosef, akakaa nao kiasi cha nusu mwaka. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja, sala na kufunika kichwa, na kwamba ubatizo haumo katika dini waliyoichagua. Kakungulu, mzee aliyezoea kuamrisha majeshi, alikubali kufundishwa na mpita njia. Akauacha ubatizo. Mwaka 1922 akachapisha kwa Kiganda kitabu cha kurasa 90 hivi, chenye kanuni na sala, kiwe mwongozo wa jumuiya yake.

Kwa maoni yangu, hiyo miaka mitatu, 1919 hadi 1922, ndiyo kiini cha maisha yake, ingawa vitabu vya historia tunavyofundishia huishia kwenye vita vyake. Wanafunzi wanamjua Kakungulu kama wakala wa Waingereza, na mtihani huuliza habari hiyo. Ni kweli alikuwa wakala, na Wagisu na Wateso wana haki ya kumkumbuka kama mtu aliyewaingilia kwa bunduki. Zile maili ishirini alizopewa zilikuwa ardhi ya watu wengine, na hata sinagogi la kwanza lilisimama juu yake. Sioni njia ya kumtakasa, wala sitaki kuitafuta.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Mbale. Baada yake jumuiya iligawanyika: baadhi walirudi kwenye Ukristo, na walioshika njia yake walibaki wachache, mbali na Wayahudi wenzao wa dunia, wakijifundisha kutokana na kile kitabu chake na Agano la Kale. Idi Amin, aliyetawala mwaka 1971 hadi 1979, alipiga marufuku ibada zao. Wengi wakaingia Uislamu au Ukristo, wakabaki kama watu 300 wakisali kwa siri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo ilipoanza Pasaka ya Kiyahudi.

Wajukuu wa wale waliobaki wako hadi leo kwenye vilima vya Mbale, Nabugoye na kwingineko. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata daraja ya urabi nchini Marekani mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Kabla ya hapo, mwaka 2002, marabi kutoka Marekani na Israeli walikuwa wamefika Mbale kuwapokea rasmi mamia ya Abayudaya katika dini ya Kiyahudi, kwa maswali na kwa kuzamishwa majini.

Mwaka jana nilipofika hapo katika masimulizi, msichana mmoja wa dawati la mbele aliuliza kama watu wale walikuwa Wayahudi tangu mwaka 2002 au tangu 1919. Darasa likagawanyika. Waadventista wengi walisema tangu 1919, kwa kuwa Mungu hahitaji cheti. Wakatoliki wakasema haiwezekani kujipa sakramenti mwenyewe. Kisha mvulana mmoja, ambaye najua kwao wamemtenga kwa kubadili kanisa, akasema kwamba wapo Abayudaya ambao bila shaka walijiuliza swali hilo hilo siku ile walipokuwa wamesimama majini. Kengele ikalia tukiwa bado tunabishana.