Johannes Rebmann: Imani Iliyodumu Miaka 29

Tunapoadhimisha Jubilei ya kwaya yetu hapa Wusi, tumeona vyema kumkumbuka mtu aliyepita chini ya vilima vyetu kabla Taita haijawa na kanisa hata moja. Huyo ni Mchungaji Johannes Rebmann.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alisomea utumishi Basel, Uswisi, na mwaka 1846 akatumwa na CMS kuja Mombasa kumsaidia Dkt. Ludwig Krapf. Mwaka huo huo wawili hao walifungua kituo cha Rabai, wote wakisumbuliwa na homa.

Oktoba 1847 Rebmann alifika Kasigau. Mwaka uliofuata alipita tena katika nchi yetu kwa njia ya Bura, akielekea Uchagani pamoja na Bwana Kheri, kiongozi wa msafara, na wapagazi wachache. Wasafiri wengi wa siku zile walijilinda kwa silaha. Yeye alikuwa na mwavuli wake. Tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akatambua kuwa ni theluji. Kule London wako wasomi waliokataa kabisa kumwamini. Ilipita miaka zaidi ya kumi ndipo wasafiri wengine wakathibitisha habari yake.

Theluji ndiyo iliyompa jina, lakini maisha yake hasa yalikuwa Rabai. Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki. Mwaka 1866 mkewe, Emma, alifariki. Macho yake yakaanza kufifia, na waliobatizwa walikuwa bado wachache. Hata hivyo aliendelea kusali, kufundisha na kukusanya maneno ya lugha zetu za Afrika. Kwa msaada wa Salimini, mtu wa Nyasa aliyekuwa ametekwa utumwani, aliandika kamusi ya Kinyasa, ambayo yeye mwenyewe hakuiona ikichapishwa.

Mwaka 1875, akiwa kipofu, alirudi kwao Ujerumani. Aliyemsindikiza ni Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Alifariki huko Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Miaka saba baadaye, mwaka 1883, J. A. Wray wa CMS alianza kazi Sagalla, na hatimaye Injili ikapanda hadi kwetu Wusi.

Imani haikumwondolea Rebmann homa, msiba wala upofu. Ilimfanya mtu mpole na mvumilivu, asiyeacha kazi kwa kuwa mavuno yamechelewa. Nasi katika kwaya twaijua hali hiyo. Tumewahi kufanya mazoezi jioni ya mvua, sauti ya tatu ina mtu mmoja, na wengine wetu tukajiuliza kama kuna haja ya kuendelea. Tuliorudi wiki iliyofuata tuligundua kwamba wimbo umetubadilisha sisi kwanza: nyumbani tumekuwa wepesi wa kusamehe, na kazini waaminifu zaidi.

Basi siku tunapoimba mbele ya viti vitupu, tumkumbuke mzee yule kipofu wa Rabai. Hakutuona, lakini sisi tu sehemu ya mavuno yake. Mungu aibariki Jubilei yetu, na awape nguvu wale watakaoimba baada yetu.