Antonio wa Misri na Wanyama wa Bustani

Katika sakristia ya parokia nilikokulia palikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe, fimbo mkononi, nguruwe miguuni. Nilidhani alikuwa mfugaji. Nilipofika chuo kikuu na kusoma maisha yake, sikukuta nguruwe hata mmoja. Mzee huyo ni Mtakatifu Antonio wa Misri. Kila tarehe 17 Januari, siku ya kumbukumbu yake, waamini wa Roma, Madrid na vijiji vingi vya Italia na Hispania hupeleka farasi, mbwa na paka kanisani ili padri awanyunyizie maji ya baraka. Nikajiuliza: wanyama hao wametoka wapi?

Antonio alizaliwa Misri mnamo mwaka 251, katika familia ya Kikristo yenye mali. Wazazi walifariki alipokuwa na miaka 18 au 20, wakamwachia dada mdogo na mashamba. Siku moja kanisani alisikia Injili ikisomwa, pale Yesu anapomwagiza kijana tajiri auze vyote awape maskini. Akawagawia wanakijiji mashamba yake, na dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu. Aliishi makaburini, kisha peke yake katika ngome iliyoachwa jangwani, karibu miaka 20. Watu walimfuata, jangwa likajaa watawa. Akitafuta utulivu, alihamia mlima mmoja upande wa Bahari ya Shamu.

Huko ndiko wanyama wanakoingia katika habari zake. Hakupenda kuwachosha waliomletea mkate, hivyo akaomba jembe na mbegu, akalima ngano, halafu mboga kwa ajili ya wageni. Wanyama wa porini waliokuja kunywa maji wakaharibu mazao. Kwetu, mbuzi wa jirani akiingia shambani, fimbo hutangulia na maneno hufuata. Antonio alimshika mmoja taratibu, akawauliza wote kwa nini wanamdhuru asiyewadhuru, akawaaga kwa jina la Bwana. Hawakurudi tena.

Nguruwe alikuja baadaye sana. Mwishoni mwa karne ya 11, kusini-mashariki mwa Ufaransa, lilianza shirika la wauguzi lenye jina la Antonio. Walitibu ugonjwa uliounguza mikono na miguu, uliotokana na kuvu ya nafaka. Nguruwe wao waliachwa wazurure mitaani na kengele shingoni, na mafuta yao yalikuwa dawa. Wachoraji wakamweka nguruwe huyo miguuni pa mzee. Wafugaji nao wakamwomba awalinde wanyama wao.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha kuna jambo jingine. Antonio alisema Kikopti. Wasomi wa Kigiriki walipomtembelea, alizungumza nao kupitia mkalimani. Lakini maisha yake yaliandikwa kwa Kigiriki na Askofu Atanasi wa Aleksandria, muda mfupi baada ya Antonio kufariki mwaka 356, akiwa na miaka kama 105. Yakatafsiriwa kwa Kilatini, na habari zake zikamgusa hata Agostino. Aliwaachia maaskofu wawili, Atanasi na Serapioni, ngozi zake za kondoo, na akaagiza kaburi lake lisijulikane. Ngozi zilifika. Maneno aliyowaambia wanyama, kama alivyoyatamka mwenyewe, hatunayo.

Babu yangu alikuwa na maneno yake kwa mbuzi, jioni akifunga zizi, kwa lugha ya kijijini. Alikuwa akiwataja mmoja mmoja na kuwaombea usiku mwema. Ameshafariki. Nakumbuka nusu tu, na hiyo nusu nimezoea kuisimulia kwa Kifaransa, mbele ya wenzangu, ili wacheke. Mdogo wake, ambaye naye ni babu kwangu, angali hai. Likizo ijayo nitakwenda na daftari, nimwombe anisemee yote, na niyaandike kama anavyoyasema, kabla ya kutafsiri hata neno moja.