Mwalimu Nyerere na Shamba la Shule

Katika shule ya msingi niliyosoma, jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa mstarini alipewa tuta moja. Aliyepiga kelele darasani alipewa mawili. Mavuno yalikokwenda hatukujua. Basi nilipofika sekondari nililichukia shamba kama nilivyokichukia kiboko. Lakini nimesoma habari za maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na fikra zangu zimegeuka. Ndugu msomaji, nifuate kidogo.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mugaya. Ingawa alikuwa mtoto wa chifu, alichunga mbuzi kama watoto wenzake, wala hakuanza masomo mpaka mwaka 1934, alipokuwa na umri wa miaka 12. Kutoka Shule ya Mwisenge alikwenda Tabora, kwa jirani zetu wa magharibi, kisha Makerere, Uganda. Alirudi Tabora kufundisha, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Baadaye alifundisha Pugu mpaka mwaka 1955, alipoacha ualimu kwa ajili ya kazi ya TANU. Kazi aliiacha, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata akawa Rais. Jambo moja lilimsumbua sana: vijana waliosoma walianza kuliona jembe kuwa ni la wazazi wao tu. Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kulitumikia Taifa kwa miaka miwili. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Hata hivyo hakuwageukia vijana peke yao, kwani alikata na mshahara wake mwenyewe kwa sehemu moja ya tano. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa masomoni baadaye.

Miezi michache ikapita, na Machi 1967 akatoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Wakati ule ni watoto wapatao 13 tu katika kila 100 wa shule za msingi walioweza kupata nafasi ya sekondari. Je, wale wengine walifundishwa nini cha kuwafaa vijijini? Mwalimu alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na kazi hiyo iwe sehemu ya masomo yenyewe. Hakutaka shule iletewe mitambo ya gharama na vibarua. Alitaka wanafunzi na walimu wapange pamoja, waandike hesabu, na waamue pamoja faida itumikeje. Wakilima vema, wale vema. Wakizembea, waone matokeo yake. Hata kosa alilihesabu kuwa ni somo.

Hapo ndipo nilipotambua kilichokosekana kule nilikotoka. Shamba tulikuwa nalo, ila mpango na hesabu hatukuwa navyo.

Mwaka jana sisi wanafunzi 12 tuliomba kipande cha ardhi nyuma ya bweni. Hapa Singida mvua ni ya msimu mmoja, nayo haichelewi kukatika. Vitunguu vyetu vya kwanza vilikauka, kwa sababu hatukutia samadi wala kupanga zamu za kumwagilia. Hakuna aliyechapwa, tuliandika hasara daftarini, tukaanza upya. Mchicha uliofuata ulistawi, na alizeti zikakomaa. Ikaja siku ya kugawa fedha. Mimi nilitaka tununue mpira. Wenzangu walitaka mbegu, na jembe moja zaidi la kumsaidia bibi mmoja jirani, ambaye tunamlimia kila Jumamosi. Tulipiga kura, nikashindwa. Jumamosi iliyofuata jembe hilo jipya nililishika mimi, na bibi akatuchemshia viazi.

Mwalimu aliacha Urais mwaka 1985, akarudi kuishi Butiama na kulima shamba lake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Huko hakuna aliyemlazimisha kulima.

Ombi langu kwa walimu na wazazi ni dogo. Mtoto akikosa, zipo njia nyingine za kumrudi. Jembe msilifanye fimbo. Na ninyi wanafunzi wenzangu, mkipewa shamba, ombeni na daftari la hesabu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne