Daktari wa Ng'ombe wa Muguga

Babu yangu ana ng'ombe wanne huko Njoro na karo yangu hutoka kwenye maziwa yao. Basi usishangae nikiacha wanasoka nikaandika habari za daktari wa mifugo.

Walter Plowright alizaliwa tarehe 20 Julai 1923 huko Holbeach, Uingereza. Alihitimu udaktari wa mifugo mjini London mwaka wa 1944, jeshi likamleta Kenya. Baadaye alifanya kazi Nigeria pia, na kuanzia 1956 hadi 1971 alikuwa Muguga, pale karibu na Kikuyu. Adui wake alikuwa sotoka.

Sisi vijana hatuijui sotoka. Miaka ya 1890 ilipita katika Bonde la Ufa ikafagia ng'ombe wa Wamaasai, nyati nao wakafa, kisha ikaja njaa. Chanjo zilikuwepo kabla ya Plowright, lakini ile iliyopitishwa kwenye mbuzi ilikuwa kali, aina fulani za ng'ombe wakaugua. Yeye na mwenzake Ferris walichukua virusi vya Kabete wakavilea katika seli za figo za ndama, wakavihamisha mara 90 hivi, mpaka vikawa vinyonge kabisa. Havikuua tena, ila viliufunza mwili kutengeneza kingamwili.

Je, hizo kingamwili hukaa muda gani? Plowright hakubahatisha. Ng'ombe waliochanjwa waliwekwa miaka mingi mahali pasipo na sotoka, halafu wakapimwa. Kumbe walikuwa bado nazo! Sindano moja ilitosha maisha.

Lakini ndama, loo! Huyo huzipata kingamwili za mama yake katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Hizo ni za kuazima, hupungua polepole, na kabla ya mwaka kwisha zimekwisha. Tena zikiwa bado zipo huviua virusi vya chanjo kabla havijaufunza mwili kitu, kwa hivyo ndama aliyechanjwa mapema ilibidi arudishwe. Hata ndama wa nyumbu kule Serengeti walikuwa wakifa pindi kinga ya mama ilipokwisha. Babu anakumbuka kurudisha ndama kwenye chanjo, na siku hizo aliona ni kupotezewa tu siku ya kazi. Nilipomweleza sababu alicheka sana, akasema nimechelewa miaka arobaini.

Mwaka wa 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Sotoka ya mwisho kujulikana Kenya ilionekana kwa nyati wa Meru mwaka wa 2001. Alifariki Februari 2010, na mwaka wa 2011 ndipo ikatangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote. Mwaka mmodi tu, jamani!

Ng'ombe wanne wa babu hawana kingamwili yoyote ya sotoka. Hakuna anayewachanja tena.