Kalemie: Claude Bernard, munganga aliyefumbua siri ya sumu inayolegeza misuli

Katika chumba cha upasuaji, Kalemie kama kwingineko duniani, mgonjwa anayehitaji dawa ya kulegeza misuli hulazwa usingizi kwanza. Sababu yake ilionekana wazi katika kazi ya Mfaransa Claude Bernard, aliyekufa miaka 13 kabla ya Wabelgiji kuanzisha Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1891.

Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, kwa wakulima wa mizabibu. Ujanani alifanya kazi katika duka la dawa mjini Lyon huku akiandika michezo ya kuigiza. Alipopeleka mchezo wake Paris, alishauriwa asomee uganga. Alikubali, na baadaye akawa msaidizi wa munganga François Magendie.

Mwaka 1844 alianza kuchunguza kurare, sumu ambayo wawindaji wa Amerika ya Kusini walipaka kwenye mishale. Alifunga mishipa ya damu ya mguu mmoja wa chura, kisha akamdunga sumu hiyo. Mwili wote ulilegea, isipokuwa mguu ule. Ngozi ya sehemu iliyolegea ilipobanwa, mguu uliofungwa ulishtuka. Chura alikuwa anasikia maumivu, ila mwili haukumtii tena.

Jaribio hilo liliacha mafunzo mawili. La kwanza: mtu aliyepewa kurare peke yake anaweza kusikia kisu bila kuweza kupiga kelele, na pumzi yake husimama. Ndiyo maana lazima alale, na asaidiwe kupumua. La pili: dawa hii hufika kwenye misuli kwa njia ya damu tu.

Fundisho hilo la pili linaeleza jambo ambalo waganga wa usingizi wanalijua leo. Tiopentali na propofoli hushusha nguvu ya damu, hivyo dawa ya kulegeza misuli inaweza kuchelewa kufika. Ketamini, inayotumiwa sana nchini Kongo, kwa kawaida huacha moyo ukisukuma vizuri, na misuli hulegea mapema zaidi. Kwa mama anayepasuliwa kwa haraka ili azae, tofauti hiyo si ndogo: kabla ya mpira wa hewa kuingizwa kooni, matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama. Wanyama wengi walikufa mikononi mwa Bernard. Mke wake Fanny, ambaye mali aliyoleta kwenye ndoa ilisaidia uchunguzi huo, alichukizwa na mateso yao, na mwishowe wakatengana.

Bernard alifariki Paris tarehe 10 Februari 1878. Ufaransa ilimzika kwa heshima za taifa, mwanasayansi wa kwanza nchini humo kuzikwa hivyo. Hakuona sumu aliyoichunguza ikigeuka dawa ya chumba cha upasuaji: munganga Harold Griffith aliitumia kwa mgonjwa aliyelazwa usingizi mjini Montreal, Kanada, mwezi Januari 1942.