George Crile, munganga aliyeogopa woga wa mugonjwa

Bandugu wa mgodi, na ninyi bamama munaobaki nyumbani mukingojea, hii mambo tunaijua sisi wote. Mwenzetu anaitwa hospitali kupasuliwa hernie juu ya kunyanyua vitu vizito miaka mingi. Anaenda na nguo zake ndani ya mfuko, usiku hapati usingizi. Wanamupima damu, wanamupima mkojo, wanamupima tension. Woga wake hakuna mutu anaupima. Njo maana leo tunasimulia maisha ya munganga mumoja wa zamani aliyefikiri sana juu ya woga huo.

George Washington Crile alizaliwa tarehe 11 Novemba 1864 katika jimbo la Ohio, Marekani, kwa wazazi wakulima. Alifundisha masomo kwanza, ili apate feza ya kujisomesha. Mwaka wa 1887 alipata diploma ya uganga. Mwaka ule ule rafiki yake mwanafunzi alipondwa miguu yote mbili na tramway. Bamunganga walikata miguu, lakini kijana alizidi kuwa baridi, pulsi ikapotea, akakufa. Sisi tumeona wenzetu walioangukiwa na jiwe chini ya ardhi wakienda vile vile. Kifo kile kilimufuata Crile maisha yake yote. Alianza kutafuta juu ya nini mwili unajiachilia hivi, na mwaka wa 1899 alitoa kitabu juu ya ile hali.

Mwaka wa 1906, kule Cleveland, alitoa damu ya ndugu mumoja moja kwa moja na kuiingiza kwa ndugu yake, na mugonjwa akapona. Alikuwa kati ya wa kwanza waliofaulu kazi hiyo.

Halafu akaona jambo lingine. Kule karibu na Maziwa Makubwa ya Marekani watu wengi walikuwa na goitre, kama vile kisiwani Idjwi kwetu Kivu. Kuna goitre inayofanya moyo kupiga mbio na mikono kutetemeka. Mugonjwa wa namna hiyo, akiogopa sana siku ya kupasuliwa, aliweza kufa hata kama kisu kimepita vizuri. Crile akasema kwamba woga nao ni kidonda, na unapaswa kuzuiwa kabla ya kisu. Alitumia morfine mbele ya saa, akatia ganzi pale pa kukata, akalaza mugonjwa kwa gazi. Alitaka pia chumba kitulie na watu waseme kwa upole. Tangu 1908 alikuwa na muuguzi Agatha Hodgins, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa fundi mkubwa wa kulaza wagonjwa. Mugonjwa aliyekuwa zaifu sana hakumumaliza siku moja: alifunga kwanza mishipa ya damu ya goitre, akamurudisha apate nguvu, halafu akaitoa siku ingine.

Lakini tuseme ukweli wote. Kwa wale wa goitre, Crile alificha siku. Kila asubuhi muuguzi alikuja kitandani na kifuniko cha pua, kama ni dawa tu ya kuvuta. Asubuhi moja dawa ilikuwa ya kulaza kweli. Mugonjwa aliamuka, goitre imekwisha kutolewa. Wengi walipona, na tunaelewa sababu yake. Hata hivyo sisi watu wa sindika hatukubali mutu akatwe bila kujua siku. Mwili ni wake, si wa munganga wala wa kampuni.

Mwaka wa 1917 Crile alikwenda Ufaransa na kundi la bamunganga na bauguzi wa Cleveland kutunza askari wa vita. Mwaka wa 1921 alianzisha na wenzake Cleveland Clinic. Tarehe 15 Mei 1929 filimu za radio zilishika moto mule, moshi wa sumu ukaua watu 123. Naye alipita katika makosa: bamunganga waliokuja nyuma walionyesha kwamba ile hali ya mwili kuwa baridi inatokana zaidi na kupoteza damu na maji, si woga. Alikufa tarehe 7 Januari 1943.

Tuchukue nini kwake? Si uongo wa kifuniko. Tuchukue ile akili ya kuona woga kama jambo la kutunzwa. Kama upasuaji si wa haraka, kuna wakati wa kukaa na mugonjwa na kumuuliza: umeelewa watakukata wapi? Unaogopa nini? Umekwisha kuona ndugu akifia pale? Nyumbani watakula nini wakati hautumike? Akionekana amevunjika roho, wangoje, wamusaidie kwanza.

Katika mazungumzo juu ya matunzo tunapenda jambo hili liandikwe. Na wewe mwenzetu, ukiitwa, usiende peke yako. Enda na bibi yako ao ndugu, uulize mbele ya kutia saini.