Ayrton Senna: Dereva aliyekuzwa na injini ndogo

Ukiwauliza wapenzi wa mbio za magari wamtaje dereva asiyesahaulika, wengi watakutajia Ayrton Senna wa Brazili. Alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mara tatu: mwaka 1988, 1990 na 1991. Lakini dereva huyu alilelewa na magari madogo yanayoitwa karti. Katika makala hii tunayapitia maisha yake kwa kuangalia jambo ambalo hutajwa kwa nadra, nalo ni kanuni za injini.

Karti ni fremu ya mabomba ya chuma yenye kiti kimoja, magurudumu manne na injini ndogo. Haina springi.

Injini ya kukatia nyasi

Senna alizaliwa São Paulo tarehe 21 Machi 1960. Alipofika miaka minne, baba yake, Milton da Silva, alimtengenezea karti yenye injini ya mashine ya kukatia nyasi. Nguvu yake ilikuwa ya farasi mmoja tu. Alianza kushindana mwaka 1973 kwenye uwanja wa Interlagos, akiwa na miaka 13. Kufikia mwaka 1977 alikuwa bingwa wa Amerika Kusini.

Kwa nini injini iidhinishwe?

Tuchukue mfano wa vijana wa bodaboda wanaoshindana. Mmoja ana pikipiki ya cc 100, mwenzake ya cc 150. Akishinda wa cc 150, tutajuaje kama ni ufundi wa dereva au ni ukubwa wa injini?

Ndiyo sababu mbio za karti hugawanywa kwa madaraja. Kila daraja lina ukubwa wake wa injini, na lina uzito wa chini unaojumlisha karti na dereva wake. Dereva mwepesi huongezewa vyuma ili asipate nafuu.

Kimataifa, kazi hii husimamiwa na chombo kiitwacho CIK, kilichoanzishwa mwaka 1962. Kiwanda kinachotaka injini yake iidhinishwe hupeleka michoro, picha na vipimo. Ikikubaliwa, hupewa hati. Wakaguzi wa mbio hulinganisha injini na hati hiyo: upana wa silinda, mwendo wa pistoni, matundu ya kuingiza hewa na kutoa moshi, hata kabureta. Injini ya mshindi inaweza kufunguliwa baada ya mbio. Ikipatikana imechongwa kupita kipimo, ushindi unafutwa.

Kanuni hizi zinawalinda hasa washiriki wa ridhaa, wanaoshindana kwa pesa za mfukoni. Bila hizo, mwenye uwezo wa kununua injini mpya kila mara ndiye angeshinda.

Mkono nyuma ya kiti

Karti za cc 100 za enzi za Senna hazikuwa na gia wala klachi. Injini yake ilichanganyiwa oili kwenye petroli, kama msumeno wa injini wa kukatia miti, na ilizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Hatari yake ni hii: dereva akiachia mafuta ghafla akiwa kwenye mwendo mkali, oili nayo hupungua, pistoni ikakwama.

Madereva walikuwa na dawa yake. Walipeleka mkono nyuma na kuziba kidogo mdomo wa kabureta, ili hewa ipungue na mafuta yenye oili yaingie zaidi. Senna aliizoea kazi hiyo, huku mkono mmoja tu ukibaki kwenye usukani. Wote walikuwa na injini za daraja moja, hivyo ufundi wa namna hiyo ndio uliowatofautisha.

Cheo kilichomponyoka

Mwaka 1978 alikwenda Italia kuendeshea kiwanda cha DAP, na mwaka huo akawa wa sita katika mashindano ya dunia huko Le Mans, Ufaransa. Mwaka 1979, huko Estoril, Ureno, alilingana pointi na Peter Koene wa Uholanzi. Kanuni ya kuwatenganisha ilimpa Koene ubingwa. Mwaka 1980 Senna akawa wa pili tena. Ubingwa wa dunia wa karti hakuupata kamwe, ingawa hata alipokuwa bingwa wa Formula 1 aliendelea kuyathamini mashindano hayo kuliko mengi aliyoyapitia.

Kanuni baada ya kifo

Senna alifariki tarehe 1 Mei 1994 kwa ajali ya Formula 1 huko Imola, Italia, akiwa na miaka 34. Siku moja kabla, dereva Roland Ratzenberger wa Austria alikuwa amefariki kwa ajali kwenye uwanja huohuo.

Baada ya msiba huo, kanuni za usalama zilikazwa. Kuanzia mwaka 1995 injini za Formula 1 zilipunguzwa kutoka cc 3,500 hadi cc 3,000, ili magari yapunguze kasi.

Kwenye karti, kipimo cha injini kilimpa Senna nafasi ya kuonyesha ufundi wake. Baada ya kifo chake, kipimo hichohicho kilitumika kuwalinda madereva waliobaki. Kwa hiyo mkaguzi anapofungua injini na kuipima, anatetea haki ya anayeshindana, na wakati mwingine uhai wake pia.